Filamu Zetu za Kale na Lawama za Uigizaji

Ringwani imo katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, wilaya yenye jina ambalo filamu moja ililitangaza duniani kote. Mwaka 1959 Bernhard Grzimek wa Ujerumani alitoa filamu yake juu ya wanyama wa Serengeti, ambayo mwanawe Michael alifia katika kazi ya kuitengeneza, kwa ajali ya ndege. Mwaka 1960 ilitunukiwa tuzo ya Oscar. Nyumbu wale wanakumbukwa hata leo. Lakini Watanganyika waliosimama mbele ya kamera zaidi ya miaka 20 kabla ya nyumbu hao wamesahauliwa. Na wapenzi wa filamu wanapobishana juu yao, mara nyingi huwamaliza kwa neno moja tu: walikuwa wakavu kama magogo.

Hukumu hiyo hatuikatai moja kwa moja. Twataka kwanza kuuliza waliigiza katika hali gani.

Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Mwingereza L. A. Notcutt aliongoza jaribio la kuwatengenezea Waafrika filamu, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Zilipatikana filamu 35. Nyingi zilifundisha: chai, kodi, mmomonyoko wa udongo, kuweka akiba posta. Nyingine zilikuwa na hadithi, kama Gumu, yenye kisa cha kijana aliyekwenda mjini akapotoka. Waigizaji hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Tena picha ilipigwa bila sauti. Maneno yalitiwa baadaye katika santuri, kwa lugha mbalimbali, na santuri hiyo ikapigwa sambamba na mkanda. Basi mtazamaji alimwona mtu midomo ikicheza, na sauti ikatoka kwingine. Mwigizaji aliyenyang'anywa sauti yake atasifiwa kwa lipi?

Kisha ikaja imani ya wakoloni. Idara ya Filamu za Makoloni, iliyoanzishwa London mwaka 1939, ilishika mafundisho ya William Sellers kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo kila tendo lionyeshwe polepole, tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akitoka nyumbani kwenda shamba, na aonekane akitembea. Hapa ndipo lawama za leo hukosea njia: uzito tunaouona katika filamu za namna hiyo uliamriwa na watayarishaji waliowadharau watazamaji, kisha tunamtwika mwigizaji.

Mfano ulio karibu nasi ni Muhogo Mchungu, ya mwaka 1952. Ndani yake aliigiza kijana Rashidi Mfaume Kawawa, aliyekuwa mtumishi wa ustawi wa jamii. Miaka michache baadaye aliwaongoza wafanyakazi wa Tanganyika katika chama chao kikuu, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Mtu aliyeweza kuhutubia umati wa makuli na wakata mkonge hawezi kuambiwa kwamba hakujua kuitumia sauti yake wala mwili wake. Akionekana mzito katika picha, tumuulize mwenye kamera.

Hata hivyo tusijidanganye. Wako walioigiza vibaya, nasi tulipopata vyombo vyetu wenyewe, baada ya Kampuni ya Filamu Tanzania kuundwa mwaka 1968, hatukuacha mara moja tabia ya kumfanya mwigizaji kipaza sauti cha hotuba. Tofauti yaonekana katika Maangamizi ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill. Humo Amandina Lihamba, mwalimu wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, anaigiza mwanamke aliyenyamaza, na kimya chake kinasema. Lakini huyo alipewa muda, akapewa na mhusika mwenye roho.

Wale wa Vugiri hawakupewa, na sasa hata kuwatetea ni vigumu. Kati ya zile filamu 35 zilizosalia ni chache mno, nazo zimehifadhiwa Uingereza. Miongoni mwake imo ya minyoo ya safura na ya mafunzo ya utabibu wa mifugo.