Kutoka Lance Spearman hadi Film Tanzania: Hadithi za Picha za Upelelezi na Lugha ya Kiswahili

1. Utangulizi

Historia ya fasihi ya upelelezi katika Kiswahili huanziwa, kwa kawaida, na Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Mohamed Said Abdulla iliyotolewa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa, kiko mdomoni, anafumbua siri ya mauaji. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na Inspekta Wingo akajiunga na ukoo huo wa wapelelezi. Wachunguzi wengi huishia hapo, yaani kwenye vitabu. Makala haya yanafuata njia ya pili, iliyopitia magazeti ya picha. Yanakusudia kuonyesha kwamba shujaa aliyebuniwa ugenini huwa mali ya watu pale tu lugha yao inapopewa nafasi ya kumsemea.

2. Shujaa na mwigizaji wake

Katika miaka ya 1960 kampuni ya Drum ya Afrika Kusini, mali ya Jim Bailey, ilianza kutoa gazeti lililoitwa African Film. Halikuwa na michoro: waigizaji walipigwa picha, picha zikapangwa kwa mfuatano, na maneno yakaandikwa juu yake. Shujaa wake, Lance Spearman, alivaa suti na kofia, akavuta biga, akaendesha gari la fahari na kuwawinda wahalifu katika jiji la Kiafrika lisilotajwa jina. Wasomaji wa Afrika Magharibi na ya Mashariki walimpokea kwa shangwe, kwani James Bond wa sinema alikuwa Mzungu, naye huyu alikuwa mwenzao.

Hata hivyo, aliyemwigiza Spearman, Jore Mkwanazi, alikuwa Mwafrika wa Afrika Kusini. Kwa sheria ya mwaka 1952, Mwafrika wa nchi hiyo alipaswa kubeba kitabu cha pasi na kukionyesha kila alipotakiwa na polisi. Katika picha, mtu mweusi alikwenda apendako na kushirikiana na wakuu wa polisi weusi kama yeye. Nje ya picha, polisi yule yule wa barabarani angeweza kumkamata. Gazeti lenyewe halikuugusa ubaguzi huo. Nchi ile isiyo na jina ilikuwa, basi, ndoto na maficho kwa wakati mmoja.

3. Kiswahili chapata sauti

African Film iliandikwa kwa Kiingereza. Asiyekijua aliliona tukio, lakini maneno yalimpita. Wakati huo huo, mwaka 1967, Tanzania iliamua Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Hadhira mpya ya wasomaji ilikuwa ikikua, nayo ilihitaji maandishi ya kujifurahisha.

Katalambulla, aliyekwisha kuthibitisha uwezo wake kwa riwaya, aliuchukua mtindo wa hadithi za picha na kuuhamishia katika Kiswahili kwa gazeti lake, Film Tanzania. Hatua hiyo ina uzito mkubwa wa kiisimu. Katika riwaya, msimulizi ndiye anayeeleza giza la usiku, sura ya mshukiwa na mlio wa bastola. Katika hadithi ya picha, kazi hiyo hufanywa na kamera. Kinachobaki kwa lugha ni usemi wenyewe: swali la polisi, kitisho cha jambazi, ombi la mhanga. Sentensi hulazimika kuwa fupi, na kila mhusika hutambulikana kwa namna anavyosema. Ni Kiswahili cha mazungumzo kinachoingia katika chapa bila kupitia kwa msimulizi.

4. Hitimisho

Magazeti haya yalichapwa kwenye karatasi hafifu, yakaazimwa mkono kwa mkono hadi yakachakaa. Maktaba zilizotunza riwaya hazikuyatunza kwa bidii ile ile, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa burudani tu. Matokeo yake ni pengo katika ushahidi wa lugha: Kiswahili kilichosomwa na vijana wengi wa mijini ndicho kinachopatikana kwa shida zaidi katika rafu za vyuo vikuu. Mtafiti akipata nakala moja iliyosalia, hata bila jalada, anayo hati ya kihistoria. Inastahili kuhifadhiwa, kuorodheshwa na kuchambuliwa kabla mchwa hawajaimaliza.