Tangazo la Biashara katika Hadithi Fupi ya Kejeli

Wahenga walinena: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii humchukulia mnunuzi kuwa mtu mwenye macho na akili zake mwenyewe. Je, itakuwaje ikiwa akili hizo nazo zimekwisha tiwa sokoni?

Swali hilo lilizuka kwa nguvu Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Viwanda vilivyokuwa vikitengeneza silaha viligeukia magari, majokofu na vyombo vya nyumbani. Bidhaa zikawa tele, na kazi ngumu ikawa kumpata wa kuzinunua. Mtungaji wa matangazo akapanda cheo. Mwandishi wa kejeli naye akapata shabaha.

Frederik Pohl (1919–2013) aliijua shabaha hiyo kwa ndani, kwani alipata kufanya kazi ya kutunga matangazo. Katika hadithi yake "The Midas Plague" ya mwaka 1954, mashine zimezalisha mali hata watu wameelemewa. Maskini ndiye alazimishwaye kula, kuvaa na kuchakaza vitu kwa kipimo alichowekewa. Tajiri ndiye apewaye ruhusa ya kuishi kwa uchache. Kijana Morey Fry hupata nafuu pale anapoyatumia maroboti yake kuvichakaza vitu hivyo badala yake.

Katika "The Tunnel under the World" ya mwaka 1955 kicheko kinakoma. Guy Burckhardt huamka kila siku tarehe ile ile, 15 Juni, na kila siku hukabiliwa na matangazo mapya. Hatimaye anagundua kwamba mji wao uliteketea kwa mlipuko. Mfanyabiashara wa matangazo amezinakili akili za wakazi katika maroboti madogo, ndani ya mji uliojengwa juu ya meza, apate kupima tangazo lipi linauza.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1957, Vance Packard alieleza katika kitabu chake "The Hidden Persuaders" jinsi makampuni yalivyotumia elimu ya nafsi kuchunguza tamaa za wanunuzi. Basi chuku ya Pohl haikuwa uzushi mtupu. Ilikuwa kweli iliyosogezwa hatua moja mbele.

Mwalimu afundishapo kejeli asiishie kuuliza ni wapi panapochekesha. Na awaulize wanafunzi: katika hadithi hii nani anunuaye, na nani auzwaye?