Interferoni na Sonona katika Tiba ya Homa ya Ini

Mwaka 1957, katika maabara ya Mill Hill jijini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waliona kuwa utando wa yai la kuku uliokutanishwa na virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto hutoa kitu kinachozikinga seli nyingine zisiambukizwe, nao wakakiita interferoni. Protini hiyo, ambayo mwili hujitengenezea kama sehemu ya kinga yake, ilipatikana kwa uhaba mkubwa, hata baada ya Kari Cantell wa Helsinki kuichuja kutoka katika chembe nyeupe za damu, hadi utaalamu wa jeni ulipowezesha bakteria kuizalisha kwa wingi.

Mwaka 1986 Jay Hoofnagle na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwatibu kwa interferoni wagonjwa 10 wenye homa ya ini sugu isiyo ya aina A wala B. Kirusi kilichohusika na wengi wa wagonjwa wa namna hiyo, yaani kirusi cha homa ya ini C, kilitambuliwa mwaka 1989. Tiba iliyoidhinishwa mwaka 1991 ilimtaka mgonjwa adungwe sindano mara tatu kwa wiki kwa miezi kadhaa. Homa na baridi ya kutetemesha vilivyofuata sindano za mwanzo vilipungua baada ya muda, lakini wengi walianza kukosa usingizi na hamu ya chakula, wakawa wepesi wa hasira, wakalia pasipo sababu waliyoijua, na wapo waliofikia kutaka kujiua.

Ilikuwa rahisi kuiita hali hiyo huzuni ya kawaida ya kuugua muda mrefu, na dhana hiyo iliwadhulumu wagonjwa, kwani dawa yenyewe ilichangia hali hiyo. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, iliwapata pia wagonjwa wa saratani waliopewa interferoni. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa wagonjwa wa saratani ya ngozi waliotangulizwa dawa ya sonona hawakuathirika sana kama wenzao. Interferoni huchochea kimeng'enya kinachovunja triptofani, ambayo ubongo huihitaji kutengeneza serotonini, kemikali inayosaidia kuratibu hisia na usingizi, na huamsha pia uvimbe wa kinga unaoufikia ubongo wenyewe.

Uchungu zaidi uko katika miongozo ya miaka ya 1990, iliyowaweka kando wenye sonona kali na watumiaji wa dawa za kulevya, ilhali kirusi cha C kilienea mno miongoni mwa wanaojidunga, hivyo waliohitaji tiba kuliko wengine ndio waliofungiwa mlango.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2013 vidonge vya sofosbuvir, vinavyokishambulia kirusi moja kwa moja, vilifungua njia ya tiba isiyo na interferoni, ambayo kwa kawaida huchukua wiki 12 na kuponya zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, na kwa dawa za namna hiyo Rwanda iliweza kuanzisha mwaka 2018 mpango wa kuitokomeza homa ya ini C. Kwa aina B na D interferoni ingali inatumika, na kabla ya sindano ya kwanza daktari hupaswa kumuuliza mgonjwa kuhusu usingizi wake, huzuni yake na fikra za kujidhuru, kisha aendelee kumuuliza hadi tiba iishe.