Kalori Zilikwenda Wapi?

Muulize mtu yeyote upasuaji wa kupunguza uzito unafanyaje kazi. Wengi watakwambia: utumbo unafupishwa, chakula kinapita bila kufyonzwa, mtu anakonda. Jibu hilo halikutoka hewani. Kuna wakati madaktari wenyewe waliliamini, na wagonjwa ndio walioumia.

Mwaka 1969, J. Howard Payne na Loren DeWind wa Los Angeles walieleza upasuaji ambao ulienea sana miaka ya 1970. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa mita kama 6. Wao waliacha inchi 14 za sehemu ya juu, wakaziunga na inchi 4 za mwisho. Yaani chakula kilipita kwenye sentimita 45 hivi tu! Sehemu nyingine yote ilibaki tumboni bila kazi.

Watu walikonda kweli, lakini waliharisha vibaya, na wengine ini likashindwa kazi. Halafu kukawa na mawe ya figo, ambayo mwanzoni unaweza kujiuliza yanahusiana vipi na utumbo. Iko hivi: mafuta yasiyofyonzwa huishika kalsiamu. Kwa kawaida kalsiamu hiyo ndiyo huifunga oksaleti ya kwenye mboga, itoke na choo. Ikikosekana, oksaleti huingia kwenye damu kupitia utumbo mpana, hufika kwenye figo na kuganda huko.

Kibaya zaidi kwa nadharia yao, vipimo vya miaka hiyo vilionyesha kwamba wagonjwa walikuwa pia wanakula kidogo kuliko zamani, na hilo lilieleza sehemu kubwa ya kukonda. Upasuaji huo ukaachwa.

Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alikuwa ameshapita njia nyingine tangu 1966: kuacha kifuko kidogo cha tumbo na kukiunga na utumbo, chakula kiruke duodeni. Hata hapo watu waliendelea kudhani siri ni kutofyonza. Mwaka 2010 watafiti wa Dallas walipima chakula na choo cha wagonjwa 9 waliofanyiwa aina ya upasuaji huo. Baada ya miezi 14, kutofyonza kulipunguza kilokalori 172 hivi kwa siku. Kula kidogo kulipunguza 1,418. Asilimia 11 tu! Homoni za utumbo, kama GLP-1, hupanda baada ya mlo na njaa hupungua.

Sasa hapa ndipo watu hujichanganya. Kalori zinafyonzwa karibu zote, ila madini ya chuma hufyonzwa zaidi kwenye duodeni, ambayo chakula kimeiruka. Vitamini B12 nayo inahitaji protini inayotengenezwa na tumbo, ambalo sehemu yake kubwa haipitiwi tena na chakula. Kwa hiyo mtu anaweza kuongezeka uzito tena huku ana upungufu wa damu, na ndiyo maana vidonge vya vitamini na madini huandikwa vya maisha yote, hata kwa aliyeacha kukonda zamani.