Govan, Kitongoji cha Waunda Meli: Kazi na Ujirani katika Historia ya Glasgow

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu Govan, kitongoji cha jiji la Glasgow katika nchi ya Uskoti, kilichopo kwenye ukingo wa kusini wa mto Clyde, upande wa magharibi wa katikati ya jiji. Jina la Govan hutajwa mara nyingi pamoja na meli, na kwa haki, kwani kwa zaidi ya karne moja sehemu kubwa ya wakazi wake waliishi kwa kuziunda. Wakati Govan ilipokuwa mji wenye baraza lake, iliandika kwenye nembo yake maneno ya Kilatini Nihil sine labore, yaani: hakuna kitu pasipo kazi.

Kusudi letu ni kuonyesha kwamba maneno hayo yanasema nusu tu ya ukweli. Kazi ndiyo iliyoikuza Govan. Lakini kila mara riziki ya wakazi ilipotishwa, kilichowatetea ni ujirani, na mara nyingi ujirani wa watu ambao majina yao hayakuwamo katika daftari la mishahara la kiwanda chochote. Tutatazama kwa ufupi asili ya mahali hapo, kisha tutakaa zaidi kwenye miaka miwili ya majaribu, 1915 na 1971.

2. Kutoka kijiji cha kanisa hadi mji wa meli

Govan ilikuwapo kabla ya viwanda. Mwaka 870 Waviking waliiteka ngome ya Dumbarton, karibu na mlango wa mto Clyde, baada ya kuizingira kwa miezi minne. Baada ya pigo hilo, Govan ilipata kuwa mahali pa ibada na pa heshima katika ufalme wa Strathclyde. Ushahidi wa jambo hilo umehifadhiwa katika kanisa lake la kale: mawe zaidi ya 30 yaliyochongwa kati ya karne ya 9 na ya 11, miongoni mwake jeneza la jiwe lenye nakshi, na mawe matano mazito ya makaburi yaliyochongwa mfano wa paa la nyumba, kwa mtindo wa Waskandinavia.

Kwa karne nyingi baadaye Govan ilikuwa kijiji cha wakulima, wavuvi na wafuma nguo. Mwaka 1756 wafumaji waliunda chama chao cha kusaidiana. Sikukuu ya Govan, inayofanyika kila mwaka mwezi wa Juni, inahusishwa na wafumaji hao. Katika maandamano yake hubebwa kichwa cha kondoo dume juu ya mti. Wazee husimulia kwamba kijana mmoja alimposa mtumishi wa kasisi, kasisi akamkatalia, na kijana kwa hasira akawakata vichwa kondoo wa kasisi huyo. Wanakijiji wakaushangilia ushindi wake. Iwe kweli au hadithi, masimulizi hayo yanafaa kukumbukwa, kwa kuwa watu wa Govan wamechagua kuwa alama yao kisa cha mnyonge aliyemjibu mwenye mamlaka.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19. Robert Napier alifungua kiwanda cha kuunda meli Govan mwaka 1841. Baada yake John Elder, mhandisi aliyeendeleza injini za mvuke zenye kutumia makaa machache, alianzisha kiwanda kilichojulikana baadaye kwa jina la Fairfield. Elder alipofariki mwaka 1869, mjane wake Isabella aliongoza shughuli kwa miezi kadhaa, kisha akawapa wakazi bustani kubwa iliyofunguliwa mwaka 1885, na baadaye maktaba iliyofunguliwa mwaka 1903.

Mwaka 1864, Govan ilipopewa hadhi ya mji wenye baraza lake, ilikuwa na watu kama 9,000. Mwaka 1912, ilipounganishwa na Glasgow na kupoteza baraza hilo, ilikuwa na watu kama 90,000. Wengi walitoka nyanda za juu za Uskoti na katika kisiwa cha Ireland. Haikuwa jamii isiyo na nyufa: Waprotestanti na Wakatoliki walitazamana kwa mashaka, hata mbele ya milango ya ajira. Hata hivyo waliishi katika majengo yale yale ya mawe, familia nyingi zikitumia ngazi moja, ua mmoja na mahali pamoja pa kufulia nguo.

3. Mgomo wa kodi za nyumba, mwaka 1915

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, wanaume wengi walikwenda vitani, na maelfu ya wafanyakazi wengine walimiminika Glasgow kuunda meli na kutengeneza silaha. Nyumba zikawa adimu, na wenye nyumba wakapandisha kodi. Waliopokea wakala wa mwenye nyumba mlangoni walikuwa wanawake, ambao waume zao walikuwa ama kiwandani ama kwenye uwanja wa vita.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwapo Mary Barbour, aliyezaliwa mwaka 1875 katika kijiji cha Kilbarchan, mke wa mfanyakazi wa viwanda vya meli. Yeye na wenzake walianzisha kamati za wapangaji, wakikutana jikoni, kwenye ngazi na katika nyua. Utaratibu wao ulikuwa rahisi. Kila familia ililipa kodi ya zamani, lakini ilikataa nyongeza. Madirishani zilibandikwa karatasi za kutangaza mgomo. Mwanamke mmoja aliwekwa kuangalia njia, akiwa na kengele mkononi. Maofisa walipokuja kumtoa mpangaji, kengele ililia, na wanawake wa majengo yote ya karibu waliacha walichokuwa wakifanya, wakaijaza ngazi, wakiwarushia wageni hao unga na nguo zilizolowa maji hadi warudi walikotoka.

Tukiuchunguza utaratibu huo tunaona kwamba haukubuniwa siku ile. Ngazi iliyokuwa njia ya kwenda kuomba chumvi kwa jirani, au kumwangalia mtoto wa mgonjwa, ndiyo iliyotumika kupeleka habari ya hatari. Kila mmoja alijua nani yuko nyumbani saa ngapi, na nani hana chakula. Kamati zilijengwa juu ya ujuzi huo.

Kufikia mwezi wa Novemba mgomo ulikuwa umeenea sehemu nyingi za Glasgow. Tarehe 17 Novemba 1915, wapangaji 18 walipofikishwa mahakamani, maelfu ya wanawake waliandamana hadi huko, na wafanyakazi wa viwanda vya meli wakaacha zana zao na kuungana nao. Serikali iliogopa kwamba kazi za vita zingesimama, na mashtaka yakaondolewa. Kabla mwaka haujaisha, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyorudisha kodi za nyumba ndogo kwenye kiwango cha mwanzo wa vita. Sheria hiyo ilihusu nchi nzima, si Govan peke yake. Mwaka 1920 Mary Barbour alichaguliwa kuwa diwani wa Glasgow.

4. Wafanyakazi waliokataa kuondoka, mwaka 1971

Mwaka 1968 viwanda vitano vya mto Clyde, pamoja na Fairfield, viliunganishwa kuwa kampuni moja, Upper Clyde Shipbuilders. Mwezi wa Juni 1971 kampuni hiyo ilishindwa kulipa madeni yake, na serikali ya Edward Heath ikakataa kuisaidia. Mwishoni mwa mwezi wa Julai wataalamu walioteuliwa na serikali walipendekeza kwamba kazi ibaki Govan na Linthouse jirani yake, na viwanda vya Clydebank na Scotstoun vifungwe. Maelfu ya watu wangepoteza ajira.

Hapa ndipo panapostahili kuangaliwa kwa makini. Kwa mujibu wa pendekezo hilo, wafanyakazi wa Govan wangeweza kunyamaza. Kiwanda chao kilikuwa kimenusurika. Badala yake walisimama pamoja na wenzao wa mto mzima, na wawakilishi wao wakashikilia kwamba hakutakuwa na mapatano yatakayoacha kiwanda hata kimoja nje. Msemaji wao mashuhuri, Jimmy Reid, aliyekuwa akifanya kazi Clydebank, alizaliwa Govan mwaka 1932. Jimmy Airlie, mwenyekiti wa kamati yao, alitoka katika kiwanda cha Govan.

Wafanyakazi hawakugoma. Walifanya kinyume cha mgomo: waliopewa barua za kuachishwa kazi waliendelea kufika kila asubuhi na kuunda meli, wakilipwa kutoka mfuko uliochangwa na wenzao na watu wengi wa ndani na nje ya Uskoti. Reid aliwaonya hadharani wasilewe na wasiharibu kitu, kwa sababu ulimwengu ulikuwa ukiwatazama. Mwezi wa Februari 1972 serikali ilibadili msimamo na kutoa paundi milioni 35 kwa viwanda vya Govan, Linthouse na Scotstoun. Kile cha Clydebank kilinunuliwa na kampuni ya Kimarekani ya Marathon ili kutengeneza mitambo ya kuchimba mafuta baharini.

5. Baada ya ushindi

Ushindi huo haukuzuia kila hasara. Katika miaka ile ile majengo mengi ya zamani yalibomolewa, na familia zikahamishiwa kwenye mitaa mipya ya pembezoni. Nyumba mpya zilikuwa na bafu na nafasi, mambo ambayo hakuna mwenye akili atakayeyadharau. Lakini ngazi, nyua na maduka ya jirani vilitoweka pamoja na mawe, na jirani wa miaka 30 akawa mtu wa kufuatwa kwa basi.

Hata hivyo Govan haikufa. Kiwanda cha Fairfield, ambacho sasa ni mali ya kampuni ya BAE Systems, bado kinaunda meli za kivita. Shirika la GalGael, lililoanzishwa mwaka 1997, huwakusanya watu waliokosa kazi ili wajifunze useremala na uundaji wa mashua. Tarehe 8 Machi 2018 sanamu ya Mary Barbour, akiongoza safu ya waandamanaji, ilizinduliwa katikati ya Govan. Mwaka 2024 lilifunguliwa daraja la waenda kwa miguu na baiskeli kati ya Govan na Partick, ng'ambo ya mto.

6. Hitimisho

Tumeona kwamba mwaka 1915 wanawake wasio na ajira ya kiwandani walipata sheria ya nchi nzima, na mwaka 1971 wafanyakazi waliokwisha kunusurika walikataa kujiokoa peke yao. Matukio hayo hayaelezeki kwa hesabu ya tani za chuma na idadi ya meli. Yanaelezeka kwa mazoea ya kila siku ya kushirikiana, ambayo mara chache huandikwa.

Kwa mtafiti, somo la kimbinu liko wazi. Nyaraka za kampuni hutuambia ni nani aliyelipwa. Hazituambii ni nani aliyepiga kengele. Anayeandika historia ya mji wowote uliozaliwa na kiwanda au mgodi hana budi kwenda pia kwenye nyua na vyombo vya kufulia, kuwasikiliza mama wazee kabla hawajatutoka. Kazi hiyo tunawaachia wanafunzi wetu, tukitumaini kwamba wataifanya mapema.