Mgeni na Jembe Lake

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hii kila mtoto wa nchi yetu aijua, na maana yake ni wazi: mgeni akaaye sana huacha kuwa mgeni, hushika kazi pamoja na wenyeji, na kazi hiyo ndiyo imfanyayo kuwa mwenzao. Lakini je, msomaji, wapo wageni wapewao jembe tangu siku ya kwanza, wakalima miaka arobaini, wakazaa na kulea, na siku jembe liwatokapo mikononi wakaonyeshwa njia ya kurudi kwao? Wapo. Wamekaa katika miji iliyo kando ya Ghuba, baina ya Uarabuni na Uajemi. Katika insha hii tutautazama mji mmoja wa Ghuba hiyo, yaani Dubai. Hatutasimama mbele ya majumba yake marefu, ambayo picha zake zimeenea kila mahali. Tutaingia chumbani, jikoni na shuleni, tuone jinsi baba, mama na watoto wa kigeni walivyoishi humo tangu zamani hata leo.

Mji wa Dubai ulianzia kandokando ya hori, yaani mkono wa bahari uingiao ndani ya nchi kavu. Mwaka 1833 watu yapata 800 wa kabila la Bani Yas, wakiongozwa na ukoo wa Al Maktoum, walitoka Abu Dhabi wakakaa penye mlango wa hori hilo. Nchi yenyewe ilikuwa mchanga na chumvi. Haikuwa na mto, na mvua zake zilikuwa chache. Riziki yote ilitoka baharini: samaki, lulu na biashara. Mji wa namna hiyo hauwezi kusitawi pasipo wageni, na watawala wake walilijua jambo hilo mapema. Mwaka 1894 Sheikh Maktoum bin Hasher aliwasamehe ushuru wafanyabiashara wa kigeni. Miaka michache baadaye, ushuru ulipokuwa mzito katika bandari ya Lingah, ng'ambo ya Ghuba, wafanyabiashara wengi wa upande wa Uajemi waliuhama mji ule wakaja Dubai. Walileta wake na watoto, wakajenga mtaa wao, wakauita Bastakiya kwa jina la Bastak, mji waliotoka.

Nyumba za mtaa huo zastahili kutazamwa, maana nyumba ni kitabu cha maisha ya wakaao ndani yake. Kuta zilikuwa nene, za mawe ya matumbawe. Karibu na mlango palikuwa na baraza ya wageni wanaume. Ndani zaidi palikuwa na ua, na huko ndiko mama na watoto walikoshinda. Juu ya paa ulisimama mnara wa upepo, uitwao barjeel, ulio wazi pande zote nne. Mnara huo uliukamata upepo popote ulipovuma, ukaushusha chumbani, na watu wakapata nafuu katika joto lipitalo digrii 40. Nayo dari, msomaji, ilishikwa na boriti za mikoko zilizosafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na mito ya pwani yetu. Miti hiyo hairefuki sana, basi vyumba vya Ghuba vikawa vyembamba kama vyumba vya Lamu, maana upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti. Mtoto wa Kiajemi aliyelala chali katika nyumba ya Bastakiya alitazama juu miti iliyokatwa na Mswahili asiyemjua.

Wageni wengine walitoka India, hasa Sindh na Gujarat. Hao waliuza nguo na mchele, na wakawakopesha fedha manahodha wa lulu. Mkono wa India ulifika kila mahali mjini: fedha iliyotumika ilikuwa rupia, na posta iliyofunguliwa mwaka 1909 ilikuwa chini ya idara ya posta ya India. Lakini wengi wa wafanyabiashara hao waliishi kama makapera. Mke alibaki kwao pamoja na wakwe, na mume alimwona kila baada ya miaka kadhaa. Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 1958 Wahindu walijenga hekalu karibu na hori, na mwaka 1961 jumuiya ya Wahindi ilianzisha shule yake. Ukitaka kujua ni lini jamaa zilianza kuishi mahali pamoja, usitazame vitabu vya maduka, tazama shule. Kwa maana shule haijengwi kwa wanaume wapweke.

Maisha ya mama wa nyumbani siku hizo hayakuwa mepesi. Maji yalichotwa visimani, yakaletwa milangoni kwa madebe juu ya punda, na kila debe lilikuwa na bei yake. Watu wasio na uwezo walikaa katika vibanda vya makuti ya mtende, na cheche moja yaweza kuteketeza safu nzima ya vibanda. Wakati wa kiangazi watu walilala juu ya mapaa. Kampuni ya umeme iliundwa baadaye, na daraja la kwanza juu ya hori lilifunguliwa mwaka 1963. Kabla ya hapo aliyetaka kwenda ng'ambo ya pili alipanda mashua ndogo iitwayo abra. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, baadhi ya jamaa zilizotoka visiwani zilihamia Dubai, na Kiswahili kikasikika katika nyua zake.

Hata yakaja mafuta. Yaligunduliwa chini ya bahari mwaka 1966, na shehena ya kwanza ikauzwa nje mwaka 1969. Tarehe 2 Desemba 1971 Dubai iliungana na jirani zake, wakawa Umoja wa Falme za Kiarabu. Bandari ya Rashid ilifunguliwa mwaka 1972, na ile kubwa ya Jebel Ali mwaka 1979. Kazi zilikuwa nyingi kuliko watu. Hesabu ya mwaka 1968 ilionyesha wakazi yapata 59,000. Mwaka 2023 walipita milioni 3 na nusu, na katika kila watu kumi, tisa hivi walikuwa wageni. Mwenyeji akawa mchache katika mji wake mwenyewe. Usilisahau jambo hilo, kwani ndilo chanzo cha sheria tutakazozieleza sasa.

Mgeni hakukaa Dubai kwa kuwa amezoeleka au amezaliwa huko. Alikaa kwa kibali, na kibali hicho kilishikwa na mdhamini, ambaye kwa kawaida ndiye aliyempa kazi. Yeye naye, akiwa na kipato cha kutosha, aliweza kuwadhamini mkewe na watoto wake. Basi fikiri nyumba iliyosimama juu ya nguzo moja: kibali cha baba kilikuwa nguzo, na vibali vya mama na watoto vilikuwa paa. Kazi ya baba ikiisha, vyote vilianguka pamoja, na kwa miaka mingi muhula wa kuondoka ulikuwa siku 30 tu. Katika siku hizo 30 watoto walitolewa shuleni, vyombo vikauzwa, nyumba ikarudishwa, na marafiki wakaagwa.

Sheria hiyo iliwagawa wageni mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale walioishi na jamaa zao. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba mwenye kupata dirham 4,000 kwa mwezi, au 3,000 pamoja na nyumba, aweza kuileta jamaa yake. Fungu la pili, kubwa zaidi, ni wale ambao mshahara wao haukufika hapo: waashi, wapagazi, madereva, wafagiaji. Hao walilala katika mabweni ya wafanyakazi nje ya mji, kitanda juu ya kitanda, na wake zao walibaki Kerala, Peshawar au Nepal. Katika miaka ya 1970 na 1980 wengi walitumiana kanda zilizonaswa sauti. Mke alisema maneno yake mbele ya chombo, na kanda ikavuka bahari mfukoni mwa msafiri. Mtoto aliweza kuijua sauti ya baba yake kabla ya kuujua uso wake. Wako pia wanawake, na miongoni mwao Wakenya si wachache, waliokwenda kulea watoto wa nyumba za watu, huku watoto wao wenyewe wakilelewa na bibi zao. Hiyo nayo ni historia ya jamaa, ingawa ni ya jamaa iliyokatwa vipande viwili.

Turudi kwa wale waliokaa pamoja, tuseme katika mtaa wa Karama, wenye majumba ya orofa chache na wapangaji wengi kutoka India. Kodi ya nyumba ililipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele, na kwa miaka mingi mtu ambaye hundi yake haikuwa na fedha benki aliweza kufungwa. Kwa hiyo tarehe ya kodi ilikuwa tarehe ya hofu. Ili kupunguza gharama, jamaa mbili au tatu zilikaa nyumba moja, zikagawana jiko na choo, hata mwaka 2008 baraza la mji likaanza kutekeleza amri kwamba nyumba moja ya uani ikaliwe na jamaa moja. Asubuhi mabasi ya shule yaliwachukua watoto. Adhuhuri maduka mengi yalifungwa kwa joto, yakafunguliwa tena alasiri. Jioni watu walitoka kutembea kandokando ya hori. Mchele, vitunguu na viungo vililetwa kwa meli, na kila mama alipika chakula cha kwao kwa vitu vilivyotoka mbali kama yeye. Mlango wa kushoto alikaa Mpakistani, wa kulia Mfilipino, wa juu Mmisri; wakaazimana sukari, wakatunziana watoto. Wageni kwa wageni wakawa ndugu.

Na watoto je? Hapa ndipo penye fundo la habari yetu. Sheria ya uraia ya mwaka 1972 humhesabu mtoto kwa asili ya baba yake, si kwa mahali alipozaliwa. Mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Dubai alisoma shule ya kulipia, akafanya mtihani uliotungwa Delhi, akacheza na watoto wa mataifa kumi, na wakati wa likizo ya Julai na Agosti akapelekwa "nyumbani", mahali alipopajua kama mtalii apajuavyo. Kijana wa kiume alipotimiza miaka 18, asipokuwa masomoni, kibali cha baba kiliacha kumfunika. Ilimpasa apate kazi na mdhamini, au auage mji pekee aliopata kuujua. Ukimwuliza kijana huyo, "Kwenu wapi?" swali jepesi kuliko yote kwako, yeye hufikiri kwanza kabla ya kukujibu.

Usidhani kwamba hofu ya kuondoka ilikuwa ya bure. Tarehe 2 Agosti 1990 jeshi la Iraki liliivamia Kuwait, mji mwingine wa Ghuba uliojaa wageni. Wahindi zaidi ya laki moja walirudishwa kwao kwa ndege kupitia Amman, wengi wakiwa na sanduku moja tu la akiba ya miaka mingi. Wapalestina walikuwa karibu 400,000 kabla ya vita. Wengi wao walikuwa walimu, waganga na makarani, na watoto wao walizaliwa huko. Vita ilipokwisha mwaka 1991 walibaki makumi machache ya maelfu. Dubai yenyewe haikupigwa vita, lakini maradhi ya dunia nzima yalipoingia mwaka 2020 na kazi zikakatika, ndege za kuwarudisha Wahindi zilianza kuondoka mwezi wa Mei zikiwa zimejaa.

Haki yatudai tuseme pia upande wa pili. Wenyeji wa Dubai ni wachache, nao waliogopa kumezwa katika nchi ya baba zao. Hofu hiyo si uovu. Wageni wengi walikwenda kwa hiari, na mishahara yao ilijenga nyumba na kusomesha watoto huko Kerala na kwingineko. Tena sheria zimelegezwa. Tangu mwaka 2002 wageni waliruhusiwa kununua nyumba katika sehemu fulani za mji. Mwaka 2019 vilianza kutolewa vibali vya miaka 5 na 10 kwa matajiri na mabingwa wa elimu. Mwaka 2021 mlango wa uraia ulifunguliwa kidogo kwa wateule wachache. Na mwaka 2022 umri wa mtoto wa kiume kudhaminiwa na babaye uliongezwa mpaka miaka 25. Walakini mwashi na mfagiaji bado wako nje ya milango hiyo.

Kwa nini mwanafunzi wa Kenya asome habari hizi? Kwa sababu swali la mgeni na jembe liko hata kwetu. Wamakonde walitoka Msumbiji wakalima katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Wakazaa watoto na wajukuu, lakini hawakuwa na vitambulisho hata serikali ilipoamuru mwaka 2016 kwamba waandikishwe kuwa raia. Wapemba wa pwani walingoja mpaka mwaka 2023. Kuta za mji hujengwa kwa mawe na fedha, na kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye kibali. Lakini mji haujawa nyumbani kwa mtoto mpaka ajue kwamba hataamshwa siku moja akaambiwa afunge sanduku. Basi utakapokutana na mwenzio darasani ambaye babu yake alizaliwa mbali, usimwulize kwanza ametoka wapi. Mwulize atakaa wapi, na umpishe kwenye benchi.