Machozi ya Sinema: Picha za Mapenzi katika Historia ya Nairobi

Ziko kazi za sanaa ambazo wenye elimu huzidharau na umma huzipenda. Picha za sinema zinazosimulia mapenzi na majonzi ni katika hizo. Wakosoaji husema kuwa hadithi zake ni zile zile: kijana maskini ampenda binti wa tajiri, wazazi wakataa, wapendanao watenganishwa, watazamaji walia, na mwisho wajulikana kabla ya mwanzo. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Walakini mwanafunzi wa historia hatosheki na lawama. Kitu kilichodumu katika mji mmoja kwa vizazi vingi, chini ya wakoloni na chini ya uhuru, katika majumba ya fahari na katika vibanda vya mabati, hakiwezi kuwa upuuzi mtupu. Yatupasa kuuliza: watu wa Nairobi wamekuwa wakitafuta nini katika picha hizi?

Nairobi ni mji mchanga. Reli iliyotoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1899, na kambi ya wajenzi wa reli ikakua ikawa mji. Mwaka 1912 lilifunguliwa jumba la Theatre Royal katika njia iliyoitwa Sixth Avenue, kisha ikaitwa Delamere Avenue, na ambayo sasa ni Kenyatta Avenue. Jumba lile baadaye lilijulikana kwa jina la sinema ya Cameo. Lakini starehe ya mji huo ilipangwa kwa rangi, kama makazi yalivyopangwa kwa rangi. Wazungu walijitengea vilima vya magharibi vyenye hewa nzuri na miti mingi. Wahindi walikaa sehemu za Ngara na Parklands. Waafrika walisukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko, na kila mwanamume wao alilazimishwa kuchukua kipande. Ukaguzi wa picha nao ulifuata njia hiyo. Picha iliyoruhusiwa kwa Mzungu iliweza kukatazwa kwa Mwafrika, kwa hofu kwamba ingemwonyesha Mzungu katika hali ya kumvunjia heshima. Hivyo hata kicheko na machozi viligawanywa kwa mafungu.

Badala yake Waafrika waliandaliwa picha za kuwafundisha. Kati ya miaka 1935 na 1937 ulikuwako mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ambao makao yake yalikuwa Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika. Mradi huo ulitengeneza picha na kuzitembeza kwa gari katika nchi za Afrika Mashariki na jirani zake. Nyingi zilihusu kilimo, afya, kodi na kuweka akiba. Hatusemi kuwa mafunzo hayo hayakuwa na faida; anayejua namna ya kujikinga na safura ni bora kuliko asiyejua. Lakini picha hizo zilimtazama Mwafrika kama mkulima wa kuelekezwa na mgonjwa wa kutibiwa. Hazikumtazama sana kama mtu mwenye moyo, apendaye, aachwaye, aoneaye wivu na ajutaye. Mwanadamu hukubali kufundishwa, lakini hapendi kufundishwa tu.

Pengo hilo lilizibwa na mgeni ambaye serikali haikumtazamia: picha za India. Kwa ujenzi wa reli, Waingereza walikuwa wameleta vibarua wa Kihindi zaidi ya 31,000. Wengi wao walirudi kwao, lakini maelfu kadhaa walibaki, na wafanyabiashara wengine wakawafuata. Jamii hii ilipenda picha za nchi ya asili yake, na wenye mali katika jamii hiyo walijenga majumba ya kuzionyesha, kama vile Shan katika Ngara. Katika Afrika Mashariki yote, tangu Nairobi hata Zanzibar na Dar es Salaam, picha hizo zilivuta pia watu ambao hawakujua neno moja la lugha yake.

Tutazame mfano mmoja, Awaara, iliyotolewa mwaka 1951, ikiongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia aliicheza pamoja na Nargis. Hakimu mmoja anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa mtu mwema lazima awe mwema. Anamshuku mkewe bila haki na kumfukuza akiwa mjamzito. Mtoto anazaliwa njiani, anakulia katika mitaa ya mafukara ya Bombay, na njaa inamfanya mwizi. Anampenda msichana aliyekuwa mwenzake shuleni, naye msichana huyo sasa analelewa na hakimu yule yule. Mwisho wao wote wanakutana mahakamani: mwana kizimbani, baba mbele yake, na mpenzi akiwa wakili wa kumtetea. Juu juu hiki ni kisa cha mapenzi. Ndani yake mna hoja nzito: je, mtu huwa mbaya kwa sababu ya damu yake au kwa sababu ya dhiki yake?

Fikiri, ewe msomaji, jinsi swali hilo lilivyosikika katika nchi ambayo sheria zake zilimpima mtu kwa damu yake. Hapakuwa na haja ya mkalimani. Mtu aliyeambiwa kila siku kwamba asili yake ndiyo hatima yake aliona katika kitambaa cheupe kijana akiambiwa maneno hayo hayo, na akaona kwamba maneno hayo ni ya uwongo. Hotuba ya siasa yenye hoja hiyo ingeweza kumpeleka msemaji wake kifungoni. Picha ya mapenzi ilipita ikiimba.

Hapa twaona sababu ya kwanza ya kudumu kwa picha hizi. Huchukua ugomvi mkubwa wa jamii, kama ugomvi wa tajiri na maskini au wa mzee na kijana, na kuuweka ndani ya nyumba moja na mioyo miwili. Mambo ya uchumi na sheria huwashinda wengi kuyapima. Lakini nani ashindwaye kupima kama baba amemtendea mwanawe haki? Kila mtazamaji hufanywa hakimu, hata yule asiyejua kusoma.

Sababu ya pili ni hali ya Nairobi yenyewe. Ulikuwa mji wa watu waliotengana na wapenzi wao. Serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kwa kazi yake, si kwa jamaa yake. Alipewa kitanda katika chumba cha wanaume, na mke na watoto walibaki shambani. Kwa miaka mingi wanaume wa Kiafrika mjini walikuwa wengi kupita wanawake. Kwa mtu kama huyo, kisa cha wapendanao waliotenganishwa na amri ya wakubwa hakikuwa ndoto ya mbali. Na vijana waliokuja mjini baadaye, wake kwa waume, walikuta jambo jipya: kuchagua mchumba ambaye wazee hawakumchagua, pengine wa kabila jingine au dini nyingine. Mughal-e-Azam ya mwaka 1960, yenye kisa cha mwana wa mfalme aliyempenda mchezaji ngoma akapingana na baba yake, ilizungumza juu ya enzi za Akbar. Lakini ugomvi wake ulikuwa ukiendelea katika nyumba nyingi ambazo hazikuwa na mfalme.

Nguvu ya picha hizo ilivuka hata mipaka ya sinema. Katika pwani yetu, waimbaji wa taarabu walichukua mahadhi ya nyimbo za picha za Kihindi na kuyatilia mashairi ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alipata sifa kubwa kwa namna hiyo. Mahadhi yalikuwa ya ugenini, lakini maneno, mafumbo na vina vilikuwa vyetu. Apendaye kitu kwa kweli hakiachi kama alivyokipokea.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, vizuizi vya rangi vilivunjwa, na katikati ya mji pakawa pa wote waliokuwa na nauli na bei ya tiketi. Kenya Cinema, Odeon, Globe na majumba mengine yalikuwa mahali pa kwenda wachumba siku za mwisho wa juma. Kisha nyakati ziligeuka. Televisheni, iliyoanza Kenya mwaka 1962, ilienea. Katika miaka ya 1980 mikanda ya video ikaingia majumbani. Na majumba mengi ya zamani yakafungwa au yakageuzwa makanisa, maduka na kumbi. Shan ilikuwa ukumbi wa wanasarakasi. Lakini sikiliza utingo wa matatu: bado huita Odeon, bado hutaja Globe. Majina yamewashinda maturubai na viti.

Mapenzi ya watu kwa picha hizi hayakufa pamoja na majumba, yalihamia nyumbani. Katika miaka ya 1990 tamthilia za mapenzi kutoka Mexico na nchi jirani zake zilipata watazamaji wengi katika televisheni za Kenya. Mtaa wa mabanda wenye seti moja ya televisheni ulikuwa na jumba lake la sinema.

Mpaka hapa tumezisifu picha hizi. Sasa haki yatutaka tuone hatari yake, na kwa hilo hatuna haja ya kwenda mbali. Twende magharibi mwa mji, Karen, chini ya vilima vya Ngong. Huko aliishi Karen Blixen, mwanamke wa Denmark, aliyelima kahawa kutoka mwaka 1914 hata 1931, shamba liliposhindwa na kuuzwa. Mwaka huo huo mpenzi wake, Denys Finch Hatton, alikufa kwa ajali ya ndege huko Voi, akazikwa Ngong. Kitabu alichoandika Blixen ndicho kilichozaa picha ya Out of Africa ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Sydney Pollack na kuchezwa na Meryl Streep na Robert Redford. Ilipigwa katika nchi yetu, ikapata tuzo saba za Oscar, na mwaka 1986 nyumba ya Blixen ikafunguliwa kuwa makumbusho. Wageni wa nchi mbali mbali wangali wakifika kuitazama.

Ni picha nzuri, na si ajabu mtu kulia. Lakini tuulize tunamlilia nani. Shamba lile lilikuwa katika nchi ambayo Wakikuyu na Wamaasai waliijua kabla ya kahawa kupandwa. Waliolima, waliochuma na waliohamishwa shamba lilipouzwa walikuwa watu wenye nyumba zao, mapenzi yao na misiba yao. Katika picha, habari ya ardhi yao yaonekana pale mwanamke yule anapompigia magoti gavana ili wapewe mahali pa kukaa. Tunaguswa na huruma yake. Hivyo haki ya watu wengi imefanywa kipimo cha wema wa mtu mmoja, nasi machozi yetu yametuziba macho. Ngũgĩ wa Thiong'o, mwandishi wetu mashuhuri, alikilaumu vikali kitabu cha Blixen kwa namna kilivyowaonyesha Waafrika. Mtu aweza kuipenda picha na bado akakubali kwamba lawama hiyo yahitaji jibu.

Ni wazi, basi, kuwa machozi ya sinema ni chombo. Katika Awaara yalitumika kufunua dhuluma. Katika Out of Africa yalisaidia kuifunika. Kwa hiyo si haba nani anasimulia.

Kwa bahati, wasimulizi wetu wenyewe wamejitokeza. Mwaka 1992 Anne Mungai alitoa Saikati, kisa cha msichana wa Kimaasai anayekimbilia Nairobi ili asiozwe kwa nguvu. Na kutoka mwaka 2019 hadi 2021 Citizen TV, ambayo studio zake ziko Kilimani, ilionyesha Maria, tamthilia ya Kiswahili iliyotengenezwa na Lulu Hassan na Rashid Abdalla. Msichana wa mtaa wa mabanda anapelekwa kuishi katika jumba la tajiri, na mapenzi yanazuka kati yake na kijana wa nyumba hiyo. Kisa cha zamani kabisa! Lakini mtazame Nairobi ya magharibi ulivyo: Kawangware na Lavington zimepakana. Kila asubuhi watu hutoka katika vyumba vya mabati wakaenda kwa miguu kufua, kupika na kulea watoto katika nyumba zenye bustani, na jioni hurudi. Umbali ni wa hatua chache, na ni umbali mkubwa kupita wa Mombasa. Maria aliuvuka umbali huo usiku baada ya usiku, na nyumba za pande zote mbili za njia zikamtazama.

Hiyo ndiyo siri ya kudumu kwa picha hizi. Mji ulijengwa juu ya mipaka: ya rangi kwanza, ya mali baadaye. Picha ya mapenzi humchukua mtu mmoja ikamvusha mpaka, ikatufanya tutamani avuke salama. Sheria za rangi zimekwisha, lakini tamanio hilo halijakwisha, kwa kuwa mipaka haijakwisha.

Basi kijana asione haya kulia mbele ya picha. Moyo usiolia haukufundishwa chochote. Ila machozi yakikauka, na aulize maswali mawili: ni nani katika kisa hiki ambaye machozi yake hayakuonyeshwa, na mpaka ule aliouvuka mpenzi mmoja, wengine wangali upande gani?